Mara ya Mwisho Ulifika Dukani Lini?

9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa ofisini, chai imepoa mbele yangu na makaratasi yamenizunguka pande zote, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani mtoto wako ameanza kulewa. Huku hatujambo. Baba bado anakohoa asubuhi, na bado anaficha sukari chini ya kitanda kana kwamba chumba chake hakifagiliwi. Anakusalimu. Anasema umemsahau. Mtoto ameota jino la tatu na keshaniuma nalo, basi ujue ni wa ukoo wetu. Mume wangu yuko safari ya kikazi, atarudi mwisho wa mwezi, au hivyo ndivyo alivyosema mwisho wa mwezi uliopita.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimehamishwa. Sishughuliki tena na vibali vya ujenzi, nimepelekwa kitengo cha maafa, ambacho ni mimi, meza, na bosi anayeingia na kutoka. Kazi ya kwanza niliyopewa ni huko kwenu bondeni. Mto ukijaa kama ulivyojaa miaka sita iliyopita, king'ora kitalia, wanaoweza kutembea watapanda mpaka shule ya juu, na wasioweza watafuatwa na magari. Magari manne. Ila lazima tujue mapema ni nani na yuko nyumba gani. Mara ile gari lilizunguka likipiga honi mpaka daraja likafunikwa, likarudi na watu watatu na mbuzi.

Nimeandaa kikaratasi cha maelezo na fomu ya kujaza. Dereva wa lori la halmashauri atakuletea mia mbili za kila kimoja, hupita huko kila baada ya wiki mbili. Ningepiga simu, lakini mtandao wa huko una tabia za bosi wangu, na mwanamke aliyegonga mihuri posta miaka thelathini na moja haamini habari isiyo na bahasha. Bondeni hakuna mlango usioujua wewe. Naomba uwagawie, wajaze, unirudishie.

Nimechoka na mwaka ndio kwanza unaanza. Usimwambie Baba.

Mtoto wako,
Kiherehere


27 Januari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Barua yako nilitaka kuijibu siku ileile, lakini siku hizi kila jambo linanichukua muda. Mimi mzima. Bati la jikoni linavuja palepale. Mwambie kaka yangu kwamba anayelalamika amesahauliwa ndiye mwenye kalamu na mikono miwili. Hiyo sukari mpokonye. Mtoto mpake asali kwenye fizi na wewe jifunze kukwepa.

Vikaratasi vyako vimekwisha. Mama Pacha alipitisha habari, watu wakanifuata hapa kibarazani. Kila mtu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakunja mara nne, akatia mfukoni. Nikawauliza, mbona hamsomi? Huyu kasahau miwani. Yule miwani yake imevunjika. Mwingine atasoma akifika nyumbani penye mwanga mzuri, na hapo tulipo jua lilikuwa linatuchoma utosini. Mwanangu, hiyo miwani naifahamu. Nilikaa dirishani posta nikiwasomea watu barua za watoto wao, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniambia hajui kusoma. Wote miwani walikuwa wameiacha nyumbani. Basi maneno yako mazuri, na ile picha ya mafuriko uliyochora, yameishia mifukoni.

Fomu nayo ni shida nyingine. Umeuliza, "Je, unahitaji msaada wa kutembea?" Nimewasomea mmoja mmoja na wote wamenijibu hapana. Mama Pacha unamkumbuka. Wanawe ni watu wazima wa miaka ishirini na saba na hawajasimama tangu wazaliwe. Na yeye kaniambia niandike hapana. Nikamwuliza, hapana ya nini? "Msaada wa nini, Karani? Si mimi nipo?" Akanitazama kama mtu niliyemtukana.

Mtu haulizwi kama hawezi. Ukimwuliza hivyo unamtaka avue nguo mbele ya majirani. Muulize mara ya mwisho alifika dukani lini. Hapo atakwambia mwenyewe, tena kwa kirefu: tangu mke wangu afariki, tangu nilipoteleza, tangu mvua za mwaka juzi. Wewe usiandike ndiyo wala hapana, andika tarehe. Aliyepitisha miezi mitatu, huyo ni wa gari.

Ukibadilisha fomu nitumie. Na hicho kikaratasi badala ya kukichapa tena, mpe dereva kipaza sauti.

Shangazi yako,
Karani


8 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameniagiza nikuandikie kwamba mikono anayo miwili lakini mmoja unatetemeka. Sukari nimemnyang'anya, akanuna siku mbili, siku ya tatu nikaikuta ndani ya kiatu. Mume wangu hajarudi.

Fomu nimebadilisha. Bosi alilisoma swali lako akaniuliza kama kitengo cha maafa sasa kinafungua duka. Nikamwambia ajibu yeye. Akafikiri, akasema, "Jana." Nikamwuliza, na mama yako? Akachukua kalamu, akatia sahihi. Kipaza sauti tumekiomba stoo. Stoo wanasema kipo, ila aliyekwenda na ufunguo hajulikani alipo.

Jambo ninalolifikiria mpaka kichwa kinauma ni fundi saa, jirani yako wa ng'ambo ya njia. King'ora kilie, kipaza sauti kipige kelele, yeye ni kiziwi, atakuwa ameinamia saa yake mpaka maji yamfike magotini. Nifanye nini? Kwenye maelezo ya kazi yangu wameandika "watu wote wafikiwe", basi, wakaishia hapo, kana kwamba kuandika ndiko kufikia.

Na kuna hili. Tarehe ishirini tunawafundisha watu wa kujitolea hapa ofisini. Njoo uzungumze nao kuhusu miwani, kuhusu Mama Pacha, kuhusu duka. Mimi nikisema wanapiga miayo, wewe ukisema watakaa sawa. Dereva atakupitia asubuhi, utalala kwetu. Baba keshanyoosha shati.

Kiherehere


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Najua sikuja, na najua dereva alisubiri. Nguo niliyotaka kuvaa ilikuwa haijakauka, na ilipokauka wingu likatanda, na nyumba hii siwezi kuiacha na bati linavuja. Niombee radhi kwa kaka yangu. Hayo ya mume wako huyasemi na mimi sikuulizi, lakini ukitaka kuyasema, karatasi haina masikio.

Suala la fundi saa tumelimaliza wenyewe. Alikuja na kibao chake cha chaki, tukaandikiana kibarazani asubuhi nzima mpaka tukacheka kama watoto. Tumefunga kamba. Inatoka dirishani kwangu, inapita juu ya njia, inaingia dukani kwake, na mwisho wake kuna kitambaa chekundu juu ya meza anayofanyia kazi. Nikivuta kitambaa kinamwangukia usoni. Maana yake maji yanakuja, aondoke. Na mimi nikitoka nyumbani nafungua fundo la dirishani, kamba inaanguka njiani, ajue Karani keshatoka asinisubiri. Tumefanya majaribio mara tano. Mara ya tatu kitambaa kiliingia kwenye chai yake akanionyesha ngumi.

Waandikie hao wakubwa wako kwamba watu wote wamefikiwa na mita nane za kamba.

Fomu mpya ni nzuri. Naendelea nazo. Mama Pacha ananiletea majibu ya nyumba za mbali, ana miguu ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Usichoke.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo nitakuwa mfupi. Baba alikaa mlangoni na shati lake tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nguo haijakauka, Shangazi? Wewe uliyekuwa ukivaa nguo mbichi ukasema zitakaukia mwilini?

Natania, lakini ameumia.

Mvua za juu huko milimani zimeanza mapema. Nahitaji orodha kamili kabla mwezi haujaisha. Jana bosi aliniuliza kama wewe mwenyewe uwe kwenye orodha, maana fomu yako ya mwanzo inaonyesha umri wa miaka sabini na moja. Nikacheka. Nikamwambia siku ya harusi yangu basi lilichelewa ukaja kwa miguu kutoka bondeni, ukafika kabla ya basi, na viatu ukiwa umevishika mkononi visichafuke. Akasema, kama ndivyo, basi.

Mume wangu ameandika. Hatarudi. Tuliache hapo.

Kiherehere


29 Machi

Kiherehere wangu,

Marahaba, na pole. Pole sana mwanangu. Sitasema neno juu ya mtu huyo, kwa sababu nikianza karatasi haitatosha. Umlee mtoto wako, ule, ulale. Kaka yangu mwambie akae na mjukuu jioni ili wewe upumzike, kukohoa hakumzuii kubembeleza.

Orodha hii hapa. Nyumba, jina, tarehe ya mwisho dukani, na kama anaweza kukaa au ni wa kulala. Wawili wa Mama Pacha wa kwanza. Mwalimu mstaafu asiyeona na mkewe aliyepooza. Mzee mmoja aliyesema ataniambia kesho, akaniambia kesho mara sita. Mara ya saba nikamnasa kwa maneno yake mwenyewe, ni tangu Juni. Jumla ni watu kumi na moja.

Dereva ni mtu mwema lakini si mtu wa siri. Nilimpa maji ya kunywa nikamwuliza lori lake linabeba wangapi wakilala kwenye magodoro. Akasema kumi na moja, na hao ni kwa kubanana. Nikamwuliza atarudi mara ya pili? Akasema daraja likishafunikwa harudi mtu. Hayo mengine matatu sikumwuliza, nakuuliza wewe. Magari ni mangapi? Niandikie kwa maneno, usiandike tarakimu, nilikuwa karani, tarakimu huwa zinateleza.

Mimi usinihesabu. Nina njia yangu.

Shangazi yako


5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Orodha imefika. Bosi ameisifu, amesema haijapata kuletwa orodha iliyonyooka namna hii kutoka mtaa wowote, na ameipeleka juu kama mfano. Mtoto hajambo. Baba hajambo. Mimi nalala kidogo.

Kuhusu magari, mambo yanashughulikiwa.

King'ora kitajaribiwa Alhamisi saa nne, usishtuke.

Kiherehere


19 Aprili

Shangazi,

Sijui hata niseme shikamoo au nikugombeze. Shikamoo. Daraja la barabara kuu ya kuja huko nalo limeondoka kwa hiyo siwezi kuja, nimeambiwa siku sita mpaka kumi. Dereva anavuka na mashua kupeleka blanketi hapo shuleni, na barua hii ataiweka mkononi mwako. Baba hajui lolote. Nimemwambia uko salama kisha nikaenda kulia bafuni.

Nataka ujue ilivyokuwa upande huu. King'ora kililia saa saba na nusu mchana. Nilikaa kwenye redio ya ofisi na orodha yako mbele yangu na kalamu nyekundu. Dereva alikuwa akitaja nyumba, mimi nakata. Namba tatu, wawili, wamepanda. Namba tisa, wamepanda. Saa nane na dakika arobaini akasema, "Kumi na moja kwa kumi na moja, navuka daraja." Ofisi nzima wakapiga makofi. Bosi akanishika bega. Nikaandika chini ya orodha, kwa mkono wangu: imetimia. Nikatia sahihi. Nikanywa chai, Shangazi. Nilikunywa chai na kula mkate.

Saa moja baadaye dereva akapiga redio kutoka shuleni. Watu walikuwa wanahesabiana, na fundi saa hayupo. Kisha Mama Pacha akauliza, na Karani yuko wapi? Dereva akasema, alisema anakuja kwa miguu. Mama Pacha akaanza kupiga kelele, nilizisikia redioni. "Kwa miguu gani? Kwa miguu gani?"

Ndivyo nilivyojua. Mimi, mtoto wako, nilijulishwa na redio ya halmashauri, mbele ya watu waliokuwa wakipiga makofi.

Nimetoa barua zako zote drooni nikazisoma upya. "Watu wakanifuata hapa kibarazani." "Alikuja na kibao chake." "Mama Pacha ananiletea." Hakuna barua hata moja ambamo umekwenda mahali. Nguo haijakauka. Ndiyo miwani ileile, na ulikuwa umenifundisha mwenyewe kuitambua. Dereva ananiambia kwa aibu kwamba tangu Januari hajawahi kukuona umesimama.

Sina haki ya kukasirika, na nimekasirika. Na mimi nilikuficha. Gari lilikuwa moja. Mawili yako juu ya mawe kwenye yadi ya halmashauri, hayana magurudumu. La nne halijawahi kuwepo, liliandikwa kwenye mpango ili mpango upite. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Niliandika manne kwenye kikaratasi chako kwa sababu niliambiwa niandike, na kwa sababu niliogopa watu wakijua ni moja hawatasubiri.

Nilimwuliza kila mtu swali lako isipokuwa wewe. Sasa nakuuliza. Mara ya mwisho ulifika dukani lini?

Nijibu.


3 Mei

Mwanangu,

Nilipata barua yako na nimekaa nayo wiki mbili. Dereva alikuja mara tatu kuuliza jibu nikamwambia kalamu imeisha wino. Unaona, hata hapo.

Niko shuleni, darasa la pili, chini ya ubao wenye hesabu za kujumlisha. Tuko wanawake tisa. Tunalala juu ya madawati yaliyounganishwa na mbavu zinanidai. Mtu anakohoa kama kaka yangu na usiku nikisikia nasahau niko wapi.

Nilianguka Agosti mwaka jana, kwenye ngazi za nyuma. Mguu wa kulia ulikataa, wa kushoto ukachoka kumbebea mwenzake. Mpaka Oktoba nilikuwa nafika mlangoni kwa kushika ukuta. Mama Pacha alininunulia mahitaji na mimi nikamsomea barua, tukawa tumelipana. Nilimkataza kusema. Ningekwambia wewe, ungemwambia baba yako, na baba yako angekuja na gari la kukodi anipeleke kwenye kile chumba chenu cha nyuma, nikae na sufuria za ziada na masanduku, niulizwe kila saa kama nimekula. Nilijionea huruma kabla ya wakati. Huo ndio ukweli, na si mzuri.

Usije ukasema kwa watu kwamba nilijitoa ili wengine wapate nafasi. Nimesikia hapa wanaanza kusema hivyo na nimewakatisha. Aibu ilikuja kwanza. Lori la watu kumi na moja lilipokuja, aibu yangu ikapata nguo nzuri ya kuvaa, basi. Kama magari yangekuwa manne kweli, bado ningekwambia usinihesabu.

Siku yenyewe nilisikia king'ora nikavuta kamba. Fundi saa akatokea mlangoni kwake, akanionyesha kitambaa, akaenda kusaidia kubeba wale pacha. Dereva alisimama chini ya dirisha langu akapiga kelele, "Shangazi, vipi?" Nikasema, "Tangulia baba, nafunga mlango, nakuja kwa miguu." Nilisema kwa sauti kubwa na ya furaha. Lori likaenda. Maji yakaingia kwa chini ya mlango wa jikoni, taratibu, yakaanza kuchukua vitu vidogo kwanza, kandambili, ufagio. Nikajiburuta mpaka juu ya meza. Pale mezani niliogopa, mwanangu. Sijapata kuogopa hivyo. Nilikuita wewe kwa jina lako la utotoni.

Fundi saa alikuwa keshafika kwenye mwinuko, na kisanduku chake kichwani. Humo mlikuwa na saa zote za watu, zilizotengenezwa na zisizotengenezwa, na vyombo vyake alivyorithi kwa baba yake. Akageuka kutazama. Kamba ilikuwa bado iko juu ya njia.

Nilikudanganya wewe, nikamdanganya dereva, nikamdanganya kaka yangu na fomu ya serikali. Ile kamba nilisahau kuidanganya. Sikufungua fundo, kwa sababu sikutoka.

Aliweka kisanduku juu ya ukuta wa mtu akarudi. Alinibeba mgongoni, maji yakiwa kifuani kwake, akanipandisha ghorofa ya posta ya zamani. Tulikaa kwenye chumba cha vifurushi mpaka dereva alipokuja na mashua, jua likiwa bado lipo. Nilitaka kumshukuru. Nikamwomba kibao chake, kilikuwa shingoni kwake kwa uzi, na chaki ilikuwa mfukoni imelowa. Akakichukua yeye kwanza. Akaandika neno moja, akanishikia nilione vizuri.

"Ungesema."

Kisanduku hakikuonekana tena.

Tangu siku hiyo anapita hapa darasani kila asubuhi, ananisalimu kwa kichwa, anaondoka. Hakai. Hatujacheka.

Swali lako nimelisoma. Nitalijibu, lakini si leo.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba nimemwambia. Akatoa sukari yote iliyokuwa imefichwa, sehemu tatu tofauti, akaniwekea mezani, kana kwamba hiyo ndiyo njia ya kusema kuanzia sasa hatufichani. Kisha akaanza kusogeza masanduku kwenye chumba cha nyuma. Nikamwambia asubiri. Nikamwambia Shangazi hahamishwi kama kabati, anaulizwa. Amekasirika lakini amesubiri.

Ofisini nimeandika kikaratasi kipya. Kinasema gari ni moja, linabeba watu kumi na moja, na daraja linafunikwa ndani ya saa moja na robo. Bosi alisema nitawatia watu hofu. Nikamwambia walikuwa na hofu siku zote, walichokosa ni habari. Amekipeleka juu bila sahihi yake, kina sahihi yangu peke yangu, na huenda mwezi ujao nikarudi kwenye vibali vya ujenzi. Sijali sana. Nimechoka kiasi kwamba hata kabla ya kufukuzwa nitahitaji kupumzika kwanza. Lakini dereva amekisoma kwa kipaza sauti mitaa miwili tayari. Ufunguo wa stoo umepatikana, ulikuwa kwa bosi.

Wamesema nyumba za juu ya njia zitakauka mwisho wa mwezi. Yako imo. Ukitaka kuja kwetu, chumba kipo na nitamkataza Baba kukuuliza kama umekula. Ukitaka kurudi kwako, nitakuja mwenyewe kukusaidia kutoa tope. Sikuombi uchague sasa.

Ndani ya bahasha nimeweka fomu moja. Haijajazwa.

Kiherehere


24 Mei

Kiherehere wangu,

Marahaba. Mwambie kaka yangu masanduku ayaache yalipo, mgongo wake haumruhusu. Nitakuja kwenu kukaa mwezi wa mvua, kila mwaka, kama mgeni, na mgeni hulala chumba cha mbele. Miezi mingine niko kwangu. Mlango wa jikoni umeng'oka lakini ukuta umesimama.

Nimeandika barua thelathini na nane, moja kwa kila mwenye saa. Fundi saa alikuwa ananitajia kwa chaki jina la mtu na aina ya saa, mimi naandika kilichotokea, bila kupunguza: kwamba saa yako ilikuwa salama kwenye mwinuko, na iliachwa kwa sababu ya mtu aliyesema anakuja kwa miguu na hakuwa na miguu. Kila barua nimetia sahihi jina langu kamili. Ilituchukua siku tisa. Siku ya tisa alikaa. Hakuandika kitu, alikaa tu, akanisaidia kulamba bahasha.

Juzi walinibeba kwa machela kwenda kuona nyumba. Kamba imekatika. Fundi saa amenunua nyingine, na fundo la upande wangu amelifunga chini, mahali ninapolifikia nikiwa nimelala. Upande wake ameongeza kitambaa cha pili, cha bluu, chenye kamba yake. Nikivuta hicho, maana yake njoo unibebe.

Fomu yako hii, irudishe kwenye jalada pamoja na zile kumi na moja, na kama lori halitoshi waambie wakubwa halitoshi, usinitoe ili hesabu ikae sawa.

Nyumba: namba kumi na saba, ya mwisho kushoto, mkabala na fundi saa.

Anaweza kukaa au ni wa kulala: anaweza kukaa.

Mara ya mwisho kufika dukani: tarehe kumi na nne Agosti, mwaka jana. Nilinunua sabuni na kiberiti, nikarudi kwa miguu yangu, nikapanda ngazi za nyuma.

Nimeijaza mwenyewe, na miwani nilikuwa nayo.

Shangazi yako,
Karani